Maji ya Chini Hayana Mpaka

Twasoma katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kwamba Wafilisti walivifukia kwa udongo visima vya Abrahamu kwa sababu ya wivu, na Isaka mwanawe akavifukua tena. Sisi leo twaviharibu visima vya jirani zetu pasipo wivu wala chuki, bali kwa uzembe tu.

Tutazame Pasiansi, jijini Mwanza. Ziwa Victoria li karibu. Hata hivyo mabomba yakikauka, watu hurudi visimani. Nchi ile ni ya mawe, na mwamba mgumu haunyonyi maji. Maji ya mvua hukaa katika mchanga na changarawe vilivyo juu ya mwamba, na katika nyufa zake. Ghala hilo ni dogo. Tukiteka kuliko mvua inavyorudisha, litakauka. Tena njia ipitayo mvua ndiyo hiyo hiyo ipitayo uchafu wa choo cha shimo.

Mtu hununua kiwanja, huweka alama za mipaka, husema, "Hiki ni changu." Lakini maji ya chini hayajui mpaka. Achimbaye choo juu ya kisima cha jirani amtilia uchafu kikombeni. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwaka 2015 kilienea hata Mwanza. Nani asiyejua kwamba ugonjwa huo hupita katika maji machafu?

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema kwamba maji ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Basi tusichimbe kisima kirefu kwa siri. Tuombe kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Choo kiwe upande wa chini wa kisima, walau mita 30, na penye nyufa za mwamba zaidi ya hapo. Mdomo wa kisima ufunikwe, maji ya kunywa yachemshwe, miti ya mlimani isikatwe ovyo.

Jioni ya leo kila baba wa nyumba atoke pamoja na wanawe, apime hatua toka choo chake hata kisima kilicho karibu, ijapokuwa si chake. Akiona pamekaribiana mno, asimngoje bwana afya.

Bwana wetu aliketi penye kisima cha Yakobo, akaomba maji. Akija kuomba kwetu, tutampa maji gani?