Karai Lilipokosekana Barazani

Kwa miaka mingi asubuhi za mtaa wetu hapa Mombasa zilianzia kwenye karai la mama mmoja. Kabla ya saa kumi na mbili alikuwa keshawasha moto barazani, anakaanga mahamri huku binti yake mkubwa akipakua mbaazi. Siku moja karai halikuwepo. Siku ya pili pia. Nami, kama wengine, nilisogea mbele kidogo nikanunua kwa mwingine. Hilo lilikuwa onyo la kwanza, nikalipita kwa haraka ya kazini.

Nakisimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina, kwa sababu naiona mitaa mingine ikielekea pale pale tulipojikwaa sisi.

Alikuwa ameungua. Mafuta ya moto yalimmwagikia mkono wa kulia, kiganja hadi kiwiko. Mumewe alikuwa keshafariki. Hospitalini walimfunga bendeji, wakamkanya asiukaribie moto mpaka kidonda kipone. Kwa mtu anayekula alichokipata leo, wiki sita bila karai ni mwaka.

Maonyo yakafuatana, tena hadharani. Mama yule aliyekuwa akinunua unga kwa mfuko akaanza kukopa robo dukani. Mwanawe wa kati akawa anakuja kwetu kucheza saa ya chakula, haondoki mpaka aitwe kunawa mikono, nasi tukafurahi kwamba mtoto anakula vizuri. Binti mkubwa akaacha shule, maana nyumbani ni yeye aliyekuwa na mikono miwili. Kisha mama mwenyewe akamwambia mke wangu: "Dadangu, watoto hawa wamenishinda. Laiti wangepata pa kulala, hata kwa mwezi mmoja."

Lile "wamenishinda" tulilishika. "Hata kwa mwezi mmoja" hatukulisikia.

Mwenye nyumba alipotia kufuli mlangoni kwa deni la kodi, kamati ya mtaa ilikutana usiku huo huo. Mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina. Huruma tulikuwa nayo ya kweli, na aliyependekeza kituo cha watoto tulimwona ameona mbali. Tukachanga: magodoro matatu, mashuka, sabuni, gari la kukodi. Barua ya chifu ikapatikana. Afisa wa watoto hatukumwendea. Mama hatukumuuliza anahitaji nini; tulimweleza tulichokwisha kuamua, naye akaitikia kama anavyoitikia mtu asiye na pa kulala.

Mkono ulipona mwezi wa pili. Watoto walikaa kule karibu miaka miwili.

Baadaye nililifungua daftari la kamati. Fedha za safari ile zingelipa kodi yote aliyodaiwa, zikabaki za unga na mafuta ya kuanzia upya. Hesabu ilikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe. Shida yake ilikuwa ya msimu, sisi tukaitibu kama ya maisha. Na kumpeleka mtoto kituoni ni kazi ya siku moja, lakini kumrudisha ni kuthibitisha chumba, kipato, na kwamba unaweza kulea, mbele ya watu wasiokujua.

Nimesoma tangu hapo kuhusu mpango wa Safe Families for Children, ulioanzia Chicago, Marekani, mwaka 2003. Familia iliyojitolea na kukaguliwa humpokea mtoto kwa siku au wiki kadhaa, mzazi akiuguza mwili wake au akitafuta nyumba. Wenyeji hawalipwi, na mzazi hanyang'anywi haki zake juu ya mwanawe. Niliposoma nilimkumbuka bibi yangu, ambaye ukumbini kwake hapakukosa mkeka wa mtoto wa mtu aliyelazwa. Jambo lenyewe tulikuwa nalo, tukaliachilia.

Sheria imeanza kulirudia. Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inatambua kafala, yaani kumlea mtoto asiye na mlezi kwa utaratibu wa Kiislamu, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke vituoni walelewe ndani ya familia na jamii. Lakini mkakati hauwezi kujua kwamba leo karai halikuwashwa. Anayejua ni jirani.

Ndugu yangu unayesoma, nenda ukabishe hodi mapema. Kabla ya kuuliza watoto wapelekwe wapi, uliza shida hii ni ya muda gani, na itagharimu nini kuimaliza. Ikibidi mtoto alale kwingine, alale karibu, amwone mamake kila siku, na afisa wa watoto ajue yuko kwa nani. Usifanye kimya kimya, kwani wapo wanaompokea mtoto wa shida wakamfanya mtumishi. Pale mtoto anapoteswa nyumbani mambo ni mengine kabisa, na simu ya 116 hupigwa bila malipo.

Watoto wale watatu wamesharudi. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kununua mahamri kwao. Mama alikuwa akigeuza kwa mkono ule ule, ngozi yake imevutika na kung'aa. Mdogo wao alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono mapajani, sahani ya mahamri mbele yake haijaguswa.

"Kula, mwanangu," mama akamwambia.

"Kengele haijalia," akajibu mtoto.