Kucheza Bao na Kupiga Bao

Katika Kiswahili, kucheza bao ni jambo moja, na kupiga bao ni jingine. La kwanza ni mchezo. La pili ni kazi ya mpiga ramli, anyunyizaye mchanga juu ya ubao wake na kuandika alama, ili atabiri yaliyofichika. Mabao yote mawili yaweza kuchongwa katika mti mmoja. Je, yatofautiana kwa neno gani?

Bao la mchezo lina mashimo 32 na kete 64, wala bahati haimo. Ashindwaye hawezi kuulaumu mti, kwa kuwa mkono wake mwenyewe ndio uliozitia kete mashimoni. Lakini aendaye kwa mpiga ramli ataka kinyume chake. Mtoto ni mgonjwa, au binti ameposwa, naye aogopa kukata shauri. Ataka ubao uamue, ili mambo yakiharibika asilaumiwe yeye.

Labda mtu atasema: Je, Mitume hawakupiga kura walipotafuta mtu wa kushika mahali pa Yuda? Ndiyo, walipiga. Lakini tuangalie utaratibu wao. Kwanza walieleza mtu afaaye ni wa namna gani, kisha wakawaweka wawili, Yusufu na Mathiya, kisha wakaomba, ndipo wakapiga kura. Kura haikuwaondolea kazi ya kufikiri, bali ilikuja baada yake. Vivyo hivyo ndugu wawili wakiisha kugawanya shamba la baba yao kwa haki, na wapige kura, pasiwe na upendeleo. Lakini mpaka ukiwa umekatwa kwa hila, kura haitaigeuza hila kuwa haki.

Twaandika haya kwa sababu wako Wakristo waliouacha ubao wa ramli, lakini desturi yake hawakuiacha. Hufumba macho, hufunua Biblia po pote, huweka kidole juu ya mstari, na neno lililo chini ya kidole hulifanya kuwa jibu la posa au la safari. Huko ni kukifanya Kitabu cha Mungu kuwa bao. Neno tumepewa ili tulisome, tulifahamu, tuombe, tushauriane na wazee wa usharika. Kisha tuamue wenyewe. Na tukikosa, tutakuwa na la kuungama. Mungu huwasamehe wakosao. Bali asemaye kwamba hakuamua neno lo lote, ataomba kusamehewa nini?