Sauti Iliyotoka kwa Kolelo

Mwaka 1905 ujumbe ulishuka kutoka milima ya Uluguru hadi Uzaramo, ile nchi ya nyuma ya Dar es Salaam ambayo leo utaikuta Kisarawe na sehemu za Kibaha. Ulitoka kwa Kolelo, mzimu mwenye pango lake huko milimani. Martin Klamroth, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi kwa Wazaramo, aliandika habari zake. Kolelo amekataza watu wasiwalipe tena wageni kodi. Katikati ya Julai mafuriko makubwa yatawafagia wazungu na wafuasi wao. Baadaye likaongezwa jingine: ardhi itafunguka iwameze, bunduki zao zitatoa maji tu, na simba saba watakuja kuwamaliza. Msiogope, Kolelo anawahurumia watoto wake.

Tumezoea kuwahukumu walioamini maneno haya kwa sababu sisi tunajua yaliyofuata. Hebu tujiweke mahali pa mzee wa kijiji cha jirani na Maneromango, huko Uzaramo, mwaka ule ule, kabla ya Julai. Kolelo hakuwa mgeni kwake. Vizazi kwa vizazi Wazaramo walikuwa wakipeleka tambiko Uluguru kuomba mvua na mavuno, na mvua zilikuwa zikinyesha. Kodi ya kibanda ilikuwa rupia tatu. Tangu 1902 serikali ilikuwa imewalazimisha watu wa wilaya ya Dar es Salaam kulima shamba la pamba la pamoja, wakaambulia malipo madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Sauti iliyosema kwamba Mungu ameona mateso haya ilisema jambo ambalo mzee yule alilijua kwa mgongo wake mwenyewe. Anayemwita mjinga hajamfikiria.

Basi angepima kwa kipimo gani? Torati inatoa kimoja: nabii akisema neno lisitimie, neno hilo si la Mungu. Kipimo hiki ni cha kweli, lakini huja kikiwa kimechelewa. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji vilivyofuata, maelfu waliivamia boma ya Wajerumani huko Mahenge huku wamekunywa dawa ya kuzuia risasi, na bombomu zikawafyeka. Waliopata jibu siku ile hawakubaki kulitumia. Vita vilipokwisha mwaka 1907, njaa ilikuwa imeua wengi kuliko risasi, na makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000.

Kipimo cha pili ni tabia ya anayeleta habari. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliposhuka kutoka pango la Hira akitetemeka, Bibi Khadija hakudai muujiza. Alimkumbusha mwenendo wake: anaunga undugu, anambebea dhaifu mzigo wake, anamkirimu mgeni, Mungu hamfedhehi mtu wa namna hiyo. Nakipenda kipimo hiki kuliko vyote, maana kinatumia ushahidi wa miaka mingi ambao mtu hawezi kuubuni kwa usiku mmoja. Hata hivyo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa maji ya vita, angekipita. Sijaona alichojitajirisha nacho. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa bado vichanga. Mtu mwema anaweza kusikia vibaya.

Na muujiza je? Imamu Ghazali alilijibu hili zaidi ya miaka 900 iliyopita. Mtu akimwambia kwamba tatu ni kubwa kuliko kumi, kisha kwa kuthibitisha akageuza fimbo kuwa nyoka mbele ya macho yake, atastaajabia uwezo wa mtu yule, lakini hesabu yake haitatikisika. Uwezo wa kutenda ajabu haufanyi kila neno la mtendaji liwe kweli.

Hapo ndipo naona kosa lilipojificha katika ujumbe wa Kolelo. Ulikuwa na maneno mawili yaliyofungwa pamoja. Neno la kwanza lilihusu haki: dhuluma hii haipendezi kwa Mungu, simameni. Neno la pili lilihusu risasi: hazitawadhuru. La kwanza lilijithibitisha lenyewe kila msimu wa kodi. La pili halikuwa na ushahidi wowote wa kwake. Liliishi kwa kuazima heshima ya lile la kwanza, pamoja na heshima ya mvua zote zilizowahi kunyesha baada ya tambiko. Aliyekubali kwamba anaonewa alijikuta amekubali pia kwamba hatakufa. Ebrahim Hussein aliliona hili katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, ambamo nabii mwenyewe anaanza kuyatilia shaka maji yake wakati watu wameshayashika.

Kwa hiyo nashauri kila ufunuo ufunguliwe kamba, kila neno lililomo lisimame kwa miguu yake. Na neno linalodai kitu kisichorudishika lidaiwe uthibitisho mkubwa kuliko yote. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyesema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Kukinywa si hatari kubwa. Lakini kumtoa mgonjwa wodini ili akapange foleni, au kuacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwa sababu umekwisha kunywa, ni uamuzi wa uzito mwingine kabisa, na ndoto ile ile haiwezi kuubeba. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula ili wakutane na Yesu, hakuna aliyebakiziwa nafasi ya kuuliza mara ya pili.

Msomaji atanikabili kwa Nabii Ibrahimu, na ana haki. Aliamriwa jambo lisilorudishika kuliko yote, akatii, na dini zetu mbili, Uislamu na Ukristo, zinamsifu. Mwanafalsafa Kant aliandika mwaka 1798 kwamba Ibrahimu alipaswa kujibu hivi: kwamba haifai kumuua mwanangu, hilo nina hakika nalo, kwamba wewe unayesema nami ni Mungu, sina hakika. Sithubutu kumsahihisha Ibrahimu. Ninachokiona ni kwamba katika kisa chenyewe kisu kilizuiwa, na kinachokumbukwa kila Idi ya kuchinja ni mnyama aliyetolewa badala ya mtoto. Anayetaka kumuiga Ibrahimu leo ana amri ya mwanzo tu mkononi. Ile ya pili, iliyozuia, hana dhamana kwamba itamfikia.

Leo ukisimama Maili Moja, Kibaha, au ukipanda Kisarawe kupitia Pugu, hutakosa mtu aliyeoteshwa. Simkejeli. Nikiamini kwamba Mungu husema, siwezi kuamua kwamba alinyamaza zamani. Ningemwuliza tu jambo moja: katika haya uliyoonyeshwa, lipi unaniruhusu nilisubiri? Akikasirika kwa swali hilo, nitakuwa nimepata sehemu ya jibu langu, kwa sababu Khadija alipotaka kuhakikisha zaidi, alimpeleka mumewe kwa binamu yake Waraka bin Naufal akaulizwe, naye Mtume akakubali kwenda.

Mzee wa Uzaramo naye angeweza kukataa kodi ya rupia tatu bila kungoja risasi zigeuke maji. Madai yake yalikuwa ya haki hata bunduki zikibaki bunduki. Walioihitaji ahadi ya maji ni wale waliotakiwa kusonga mbele kifua wazi, na ahadi hiyo ilipaswa kujaribiwa mbele yao kabla hawajaondoka vijijini.