Anayedai na Anayeshikilia

Leo tulitazame neno kudai.

Jirani akimpeleka mwenzake mahakamani kwa ajili ya mpaka wa shamba, kwanza ataulizwa anadai nini. Kisha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 107, inamtwika mzigo: wewe unayedai, thibitisha. Kifungu cha 63 kinabana zaidi. Kama jambo lilionekana, aje aliyeliona. Kama lilisikika, aje aliyelisikia. "Nimeambiwa na shemeji" haitoshi.

Nje ya mahakama, neno hili limeingia doa. Mtangazaji akisema "mbunge alidai", tunaanza kumshuku mbunge. Akisema "alisisitiza", kauli ile ile inasimama wima. Akisema "alifichua", tayari tumeamini! Hakuna aliyekagua chochote. Kitenzi ndicho kimetoa hukumu.

Mimi napenda kushikilia, ingawa wapo wanaoliona neno la wakaidi. Mzee akisema, "Nashikilia kwamba mpaka ulipita kwenye ule mringaringa," amejifunga kwa kauli yake na yuko tayari kuhojiwa. Hakimu atamuuliza: mzee, uliuona ukipandwa? Akijibu, "Mimi ndiye niliyeushika mche, baba akifukia shimo," hapo shauri linaanza kunoga.