Hesabu Nondo Kabla ya Zege

Mwanangu, umeniambia unataka kuacha kufungia watu nondo, ufungue kampuni yako ya ujenzi. Nimefurahi sana. Mimi nami nilianzia hapa hapa Obokote, Kindu, nikikunja ringi za milimita 6 kwenye ubao wa misumari, kutwa nzima, waya ukinichana vidole. Mwaka mzima sikupewa kazi nyingine. Nilidhani napotezewa wakati, kumbe mkono ulikuwa unasoma: hata leo, nikishika nondo gizani nakwambia ni ya 8 au ya 10.

Mkono huo usiuache siku utakapokuwa bosi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa kilo 10 na nusu hivi. Ukinunua, pima, maana nyembamba zinauzwa kwa jina hilo hilo. Na kabla zege halijamwagwa, shuka mwenyewe na mita yako.

Kandarasi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ng'ambo ya mto, Alunguli: nguzo sita. Nilitaka ringi kila sentimita 15, nikaacha 120 zimekunjwa tayari. Siku ya kumwaga nilikuwa stesheni nikingoja simenti. Treni ilikuwa imechelewa tena, na unajua simenti ya Kindu inavyopanda bei treni isipofika. Jioni nikavuka Lualaba kwa mtumbwi. Nguzo zimesimama, nzuri, laini. Lakini kwenye kona niliona rundo chini ya turubai. Nikachuchumaa, nikahesabu. Ringi 54 hazikuingia kwenye nguzo.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Mwenye nyumba alikuwa akinishukuru, ameniwekea kiti. Ningeweza kuzibeba nikaondoka nazo, kwa kuwa zege likishafunga hakuna jicho linaloona ndani. Nilimwambia usiku ule ule. Tulibomoa nguzo zote sita, faida ikaisha, nikakopa kwa shemeji ili nilipe vijana. Vijana sikuwafukuza: mimi ndiye sikuwapo.

Karatasi nazo usizidharau. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imetenga kazi za ukandarasi mdogo kwa kampuni ambazo Wakongomani wana sehemu kubwa ya mtaji. Lakini usipokuwa na namba ya RCCM, yaani ya usajili wa biashara, utazisikia kazi hizo redioni tu. Na avansi ya mteja ni simenti yake na nondo zake. Iweke mbali na pesa ya ugali wako, hata mtoto akiwa anadaiwa ada ya shule. Hapo ndipo nimeona mafundi wengi hodari wakianguka, na inaniuma kila mara.

Kesho kutwa tunamwaga zege la msingi kwa jirani. Vijana wanaanza saa moja. Wewe njoo saa kumi na mbili, na mita yako.