Akika ya siku moja, mzigo wa siku arubaini

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), ambaye humpa amtakaye watoto wa kike, akampa amtakaye wa kiume, na wengine akawachanganyia wote wawili (42:49-50). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake.

Wiki hii nimeona niache kuwasema wengine, nijiseme mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa somo la dini, asubuhi skuli na jioni chuoni, na mara kadhaa nimeombwa kutoa darsa baada ya sala ya Maghribi juu ya haki za mtoto katika Uislamu. Haki hizo naweza kuzipanga bila ya kufungua kitabu: achaguliwe mama mwema, apewe jina zuri, anyolewe, afanyiwe akika, anyonyeshwe, alelewe na asomeshwe. Lakini mwaka jana, alipozaliwa mtoto wetu wa tatu, nilitahiniwa katika somo ninalolisomesha mwenyewe. Nasema kweli mbele ya Allah, sikufaulu.

Sisi tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya pili katika nyumba ya kupanga. Anayezijua nyumba zetu zile anazijua na ngazi zake, za mbao, nyembamba na zenye mwinuko mkali. Maji yakija huja chini, tena mara nyingi usiku, kisha hupandishwa juu kwa ndoo. Wakati huo tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano na wa kike wa miaka miwili. Mimi na mama watoto tulikuwa tunacheza upatu, na tulikubaliana kwamba zamu yetu ikifika tununue tangi na pampu ndogo, ili mzazi asipande na ndoo.

Zamu ikafika mwezi ule ule aliojifungua, na mtoto akawa wa kiume. Furaha yangu haikuwa na kifani, na hapo ndipo shetani alipoingilia, tena kwa mlango wa sunna. Nilijiambia: mimi ni mwalimu, watu wananitazama, akika yangu haiwezi kuwa ya kificho. Nikanunua mbuzi wawili. Mpaka hapo nilikuwa katika sunna. Kisha nikaongeza mchele, mafuta, viungo, maturubali, viti na vinywaji kwa watu zaidi ya mia. Fedha za pampu zikaisha zote, na juu yake nikabaki na deni dukani.

Siku ya saba ilikuwa ya kupendeza kwa sisi tuliokaa chini. Dua ilisomwa, pilau ililiwa, na wazee wakanisifu kwenye barza. Huko juu mzazi, mwenye mshono wa siku saba, alikuwa ameamka kabla ya alfajiri kuchambua mchele, kisha akakaa kutwa nzima kupokea wageni waliokuja kumtazama, akinyanyuka kwa kila mmoja.

Mkwe wangu alikuwapo, Allah amlipe kheri. Yeye ni mtu wa Jambiani na analima mwani, kazi ambayo wanawake wengi wa pwani ya mashariki ya Unguja wameishika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani haungoji mtu. Maji ya bamvu yakitoka lazima uwepo shambani. Siku ya tisa akafunga virago. Akiwa mlangoni aliniambia, "Mwanangu, mtazame mwenzio, bado hajawa mzima." Nikamjibu, "Inshallah mama, usiwe na wasiwasi." Kisha nikaenda zangu kusomesha.

Usiku wa kuamkia siku ya kumi na mbili nilirudi nyumbani nimechelewa. Nilisali Ishaa, nikakaa barzani na wenzangu kwa mazungumzo. Nilipopanda juu nilimkuta kichanga analia, na kaka yake amesimama pembeni, amemfinya mkono mpaka umekuwa mwekundu. Sikuuliza neno. Nilimchapa. Ndipo nikamwona mama yao amejikunja kitandani anatetemeka kwa homa, na kando ya mlango ziko ndoo mbili za maji alizozipandisha mwenyewe jioni ile.

Tulimpeleka hospitali usiku ule ule. Ilikuwa maambukizi ya uzazi, na alilazwa siku nne pamoja na kichanga chake. Muuguzi alituuliza swali moja ambalo bado liko masikioni mwangu: "Siku ya saba mlikuja kliniki kuangaliwa?" Nikanyamaza. Siku ya saba tulikuwa tunakula pilau.

Ndugu msomaji, Allah alimponya, Alhamdulillah, na si kila nyumba imepewa bahati hiyo. Lakini siku zile nne nilizobaki na watoto wawili wakubwa zilinifundisha ambayo chuo kikuu hakikunifundisha. Nilipika uji ukaungua. Nilipandisha maji mwenyewe, na kila nikifika juu nikakumbuka maturubali niliyoyalipia. Usiku wa pili mwanangu akaniuliza, "Baba, na mimi nilichinjiwa mbuzi?" Nikamwambia ndiyo, wawili. Akafikiri kidogo, akauliza tena, "Sasa mbona hunipeleki tena Forodhani?" Tulikuwa na ada yetu, kila Alkhamisi jioni nikimpeleka Forodhani kuwatazama vijana wanavyoruka baharini. Tangu mdogo wake azaliwe sikumpeleka hata mara moja, na wala sikujua kwamba alikuwa anahesabu.

Asubuhi yake nilikuwa na kipindi, na sura tuliyokuwa tukiisoma ilikuwa Surat Yusuf. Tulifika pale ndugu zake Yusuf (a.s.) waliposema kwamba yeye na mdogo wake wanapendwa zaidi na baba yao kuliko wao, hali ya kuwa wao ni kundi (12:8). Aya hii nimeisomesha miaka mingi, na siku zote niliwaambia wanafunzi kwamba inazungumzia ubaya wa husuda. Ni kweli, inazungumzia husuda. Lakini siku ile niliiona kwa upande wa baba. Nabii Yaaqub (a.s.) ni Mtume wa Allah, wala hatumdhanii dhulma. Pamoja na hivyo, katika nyumba yake watoto walijiona wamepungukiwa na mapenzi, na shetani akaipata njia mpaka kisimani. Ikiwa hayo yalitokea katika nyumba ya Mtume, itakuwaje katika nyumba ya mimi na wewe, ambao kweli tunawapunguzia?

Mtume (s.a.w.) ametufundisha katika hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba baba yake alitaka kumpa yeye zawadi peke yake, na Mtume akakataa kuishuhudia mpaka ajue kama watoto wote wamepewa mfano wake, akawaamrisha watu kumcha Allah na kufanya uadilifu baina ya watoto wao. Sisi tumeifahamu hadithi hii kuwa ni ya mashamba na nyumba. Je, wakati wa baba si zawadi? Paja la baba si zawadi? Al-Aqraa bin Habis alipomwambia Mtume (s.a.w.) kwamba ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja, aliambiwa kuwa asiyehurumia hahurumiwi. Na Mtume huyo huyo alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama bint Zainab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba anaposimama. Mtoto hakumharibia sala yake. Mimi mtoto aliniharibia mazungumzo ya barzani, nikampiga.

Sasa tuje kwa mama. Mwenyezi Mungu anapotuusia wazazi katika Surat Luqman, anataja kwa namna ya pekee mimba inayobebwa katika udhaifu juu ya udhaifu, na kunyonyesha kwa miaka miwili (31:14). Katika Surat Baqara anamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mwenye kunyonyesha kwa wema, na anakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake (2:233). Zaidi ya hayo, mwanamke akiwa katika nifasi ameondolewa sala, nayo ndiyo nguzo ya dini. Mola wake amempunguzia, sisi tunamwongezea masufuria!

Wazee wetu walilifahamu jambo hili kuliko sisi. Ndiyo maana pwani yetu ikawa na arubaini. Mzazi alikandwa maji moto, akafungwa mkaja tumboni, akapikiwa uji wa pilipili manga na supu, wala hakushika ufagio. Hata katika harusi zetu mama wa bibi harusi hupewa fungu linaloitwa mkaja, kwa kuikumbuka nguo ile aliyojifunga siku alipomzaa binti yake. Uchungu wa mwana aujuae mzazi, na wazee waliona nasi tuukumbuke hata baada ya miaka ishirini. Ni kweli kwamba wapo wanaoidhani arubaini kuwa ni sheria, na hilo lazima lisahihishwe: damu ikikatika kabla ya hapo, mwanamke anakoga na kusali. Lakini kupumzika kwake kusikatike pamoja na damu.

Tatizo ni kwamba arubaini ile ilibebwa na nyumba iliyojaa watu. Alikuwapo bibi, shangazi, khalati na mabinti. Leo shangazi yuko kazini, binti yuko skuli, ndugu mmoja anakaa Fuoni na mwengine Tunguu. Waliokuwa wakimsaidia mzazi wametawanyika, na aliyebaki ndani ya nyumba ni mume. Naye akiulizwa, anasema hizo ni kazi za wanawake.

Msemaji huyo namkumbusha Bibi Aisha (r.a.). Aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jibu lake, kama alivyolipokea Bukhari, ni kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa umma, kadhi, amiri wa jeshi na imamu wa msikiti. Ni nani kati yetu mwenye shughuli nyingi kuliko yeye?

Naomba nisifahamike vibaya. Sisemi akika iachwe. Ni sunna iliyotiliwa mkazo katika madhehebu yetu ya Shafi, na anayeweza asiache. Ninachosema ni kwamba tumeikuza kwa mambo ambayo sheria haikuyataka. Katika riwaya ya Abu Daud, Mtume (s.a.w.) aliwafanyia wajukuu zake Hasan na Husein kondoo mmoja mmoja. Viti na maturubali hayamo katika sunna, na asiyekuwa na uwezo hakukalifishwa kukopa.

Kwa aliyejaaliwa kutarajia mtoto, nina nasaha nne, nami nikiwa wa kwanza kuzihitaji.

Kwanza, zitenge fedha za mama kabla ya fedha za wageni. Chakula chake, dawa yake, usafiri wa usiku na mtu wa kumsaidia kazi ni katika nafaka ya wajibu, na wajibu hutangulia sunna.

Pili, siku ya saba iwe pia siku ya kuangaliwa afya. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za mwanzo, kisha baina ya saa 48 na 72, kisha baina ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Homa, damu nyingi, maumivu makali ya kichwa au ya tumbo, na mtoto asiyenyonya, hayo si ya kungoja asubuhi.

Tatu, baba achukue likizo yake na aitumie nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa wenzetu wa Tanzania Bara, inampa baba angalau siku 3 zenye malipo. Ni chache. Lakini wapo wanaozimaliza barzani wakipokea pongezi. Na anayejiajiri mwenyewe, mvuvi au mwenye duka, hana wa kumnyima ila nafsi yake.

Nne, mpe mtoto mkubwa sehemu yake kila siku, hata ikiwa robo saa. Mshirikishe kumkosha mdogo wake, mwache amletee nepi, na usimwambie "wewe sasa mkubwa" kila anapokuhitaji. Mtoto wa miaka mitano bado ni mtoto.

Deni la dukani nililimaliza baada ya miezi mitano. Pampu tuliinunua zamu ya upatu iliyofuata, imechelewa lakini inafanya kazi. Nilimtaka radhi mke wangu, na nilimtaka radhi mwanangu pia, jambo ambalo sikuwahi kumwona mzazi wa kiume akilifanya nilipokuwa mdogo. Alkhamisi tunakwenda Forodhani watatu, mdogo wake nambeba mimi, na mama yao hubaki nyumbani na yule wa kike, au hulala. Watu wanaotupita hawajui kwamba ninalipa kadha.

Tumuombe Allah atujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kiburudisho cha macho yetu, na sisi tusiwe mzigo juu ya migongo yao. Aamin.

Wallahu aalam.