Maji Ndani ya Mashua

Maandiko: Mwanzo 6:14, Mithali 28:13, Matendo 27



Wengi wenu mnakumbuka ile Jumapili niliyosimama hapa mbele nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenipa mashua. Mlipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikarudi kwa kiti nikiwa nimejaa furaha. Leo nataka kumalizia ule ushuhuda, kwa sababu siku ile nilitoa nusu.

Mimi ni mtoto wa Karatina. Nimekua nikijua viazi, kabichi na majani chai. Mambo ya mashua niliyasoma tu kwa Injili. Lakini shemeji yangu anauza samaki, na siku moja akaniambia, "Pasta, tuache kununua kwa watu. Tununue chombo chetu, tuweke Masinga." Hilo bwawa lilikamilika mwaka wa 1981, nalo ndilo la juu kabisa katika yale mabwawa ya Seven Forks. Maji ya Ragati, huu mto wetu, huingia Sagana, yakaingia Tana, yakafika huko. Kwa hivyo nikajiambia, hata si ugenini, ni maji ya nyumbani yametutangulia.

Tukapata mashua ya aluminiamu, ya mitumba, bei nzuri. Nikachukua mkopo wa SACCO. Wadhamini wangu wawili ni washirika wa kanisa hili, na wamenipa ruhusa niseme hivyo bila kutaja majina.

Sasa sikilizeni. Nina digrii ya biashara. Darasani tulifundishwa kwamba kabla hujalipa, unakagua: unaangalia hesabu, madeni na hali ya mali yenyewe. Na mimi nilikagua nini? Nilikagua rangi. Ilikuwa rangi ya kijani, inang'aa, imepakwa juzi. Ingekuwa ni gunia la viazi hapa sokoni, ningelimwaga lote chini, maana tunajua vile vikubwa huwa juu. Lakini mashua nilitazama nikasema, Mungu amejibu. Tena nikakimbia madhabahuni kutoa ushuhuda kabla haijaguswa na maji.

Siku ya kwanza Masinga, tukiwa mbali na ukingo, ile bati ya chini ikaanza kulia: bong! bong! Kila wimbi, bong! Nikatazama miguu yangu, nikaona viatu vimelowa. Na Masinga kuna mamba na viboko. Wapendwa, siku hiyo niliomba kwa lugha ambazo sikuwa nimewahi kupewa.

Tulirudi salama. Lakini sikulala. Usiku nawaza, hii bodi ni nzuri ama ni mbovu? Nimeuziwa chombo ama sufuria? Na wale wadhamini wangu, mashua ikizama, akiba yao itakatwa kwa sababu yangu?

1. Usitie mashua majini, tia maji ndani ya mashua

Tukaivuta kwa trela hadi kwa fundi mmoja wa jua kali, mzee aliyefanya kazi ya aluminiamu miaka mingi. Nilitarajia aitazame kwa nje. Yeye akafunga kizibo cha nyuma, akachukua mpira wa maji, akaanza kutia maji ndani. Nikamwambia, "Mzee, mashua si huwekwa majini?" Akacheka. "Pasta, ukiiweka majini utaona maji yameingia, lakini hutajua yameingilia wapi. Weka maji ndani, kisha uiname chini uangalie."

Nikainama. Na kweli, baada ya dakika chache nikaona tone moja kwenye msumari wa ribiti. Halafu lingine. Fundi akawa anazunguka na chaki, akiweka alama kila mahali panapotona. Ribiti nane.

Nikataka aongeze maji ajaze. Akakataa. "Maji ni mazito, Pasta. Lita moja ni kilo moja. Nikijaza mpaka juu, trela haitaibeba vizuri, nitaharibu chombo nikikipima. Inchi chache zinatosha kuonyesha ukweli."

Nilisimama pale nikakumbuka 1 Wakorintho 10:13. Mungu hatupimi kupita uwezo wetu. Anajua uzito wa maji na anajua nguvu ya bati. Wewe mwaka huu umepitia jambo, ukasema Mungu ananizamisha. Angalia vizuri: uko nchi kavu bado, uko juu ya trela yake, naye ameinama chini yako na chaki mkononi. Anaweka alama pale hasira inapotona, na pale uchungu wa miaka kumi unapotona. Ndiyo yale maombi ya Daudi mwisho wa Zaburi 139, anapomwomba Mungu amchunguze na kumjaribu. Daudi hakuomba apakwe rangi. Mwambie jirani yako: usiogope chaki!

2. Si kila kelele ni ubovu, na si kila ubovu hupiga kelele

Nikamuuliza fundi kuhusu ile bong bong, maana ndiyo iliyoninyima usingizi. Akasema, "Hiyo si kitu. Bati nyembamba ikigongwa na maji hujikunja kidogo na kurudi. Ndivyo ilivyotengenezwa." Hata mabonde mawili yaliyo ubavuni, ambayo nilikuwa nayahesabu kila asubuhi kama mtu anayehesabu deni, akasema ni ya kugonga mawe tu, bati haijapasuka.

Halafu akainua ubao wa sakafuni. Chini yake palikuwa na unyevu, na kipande cha waya wa stima, ule wa shaba, urefu wa kidole. Aliyekuwa nayo mbeleni pengine alikuwa akifunga taa, akaangusha, akasahau. Pembeni ya ule waya palikuwa na unga mweupe. Fundi akakwaruza unga kwa bisibisi, na bisibisi ikatokea upande wa pili. Rangi ya kijani tu ndiyo iliyokuwa imeshikilia hapo.

Akanieleza. Aluminiamu yenyewe hujilinda: ikipigwa na hewa hutengeneza ngozi nyembamba sana juu yake, na ngozi hiyo huizuia kuliwa. Lakini ukiilaza pamoja na shaba penye maji, hizo metali mbili huwa kama betri ndogo, na inayoliwa ni aluminiamu. Shaba inabaki nzima. Haipigi kelele. Inalala tu, na kila siku inakula.

Wapendwa, kuna washirika hapa wanaokosa usingizi kwa sababu ya kelele. Ulisinzia ukiomba, unajiona umerudi nyuma. Ulipata wazo baya likapita, unajiona umelaaniwa. Hiyo ni bati ikijikunja. Wewe ni mwili, na Zaburi 103 inatuambia Mungu anakumbuka kwamba sisi ni mavumbi. Lala usingizi.

Lakini kuna mwingine ambaye hana kelele yoyote. Anaimba vizuri, anatoa sadaka, rangi yake inang'aa. Chini ya ubao kuna waya: namba moja kwa simu iliyoandikwa jina la fundi wa mabomba na si fundi wa mabomba. Kuna mzani uliokazwa kidogo kule dukani. Kuna shamba la ndugu mdogo lililoandikishwa usiku. Kitu kidogo tu, urefu wa kidole. Na kwa sababu hakipigi kelele, unasema hakuna shida. Ndugu yangu, inua ubao.

3. Rangi na lami

Sasa nafika pale pagumu, na nitasema tu.

Wiki hiyo hiyo kijana mmoja kutoka upande wa Mwea akanipigia. Amesikia nina mashua, anayo pesa taslimu, anataka kuja Jumamosi. Na bei aliyotaja ingelipa mkopo wote. Nikaenda dukani, nikanunua kopo la rangi ya kijani na gundi ya kuziba. Nikaanza kujihubiria mwenyewe: kwanza hata mimi niliuziwa hivyo, pili nawalinda wadhamini wangu, watu wa Mungu, wasiumie, tatu mnunuzi ajikague, si ndiyo biashara? Mnaona? Pointi tatu kamili, kama mahubiri.

Lile kopo likakaa kwa meza jikoni siku mbili. Mama watoto akaliangalia, akauliza, "Baba, hii rangi ni ya nini?" Nikasema ni ya mashua. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Huyo kijana ana watoto?"

Sikujibu. Sikuweza. Nilijua kitu kilicho chini ya ule ubao, na yeye angekuwa katikati ya bwawa, labda usiku, na mamba wako pale.

Nikafungua Mwanzo 6. Kabla ya gharika, Mungu anamwagiza Nuhu aipake safina lami, ndani na nje. Angalieni mambo mawili. La kwanza, anaipaka kabla ya mvua. La pili, ni ndani na nje, siyo nje peke yake. Na katika Kiebrania, kitenzi hicho cha kupaka kina herufi zile zile za mzizi unaotumiwa katika Mambo ya Walawi kwa kufanya upatanisho. Rangi inaficha tundu. Lami inaziba tundu. Kwa macho zote mbili zinafunika, lakini mawimbi yakija utajua ulipakwa nini. Damu ya Yesu si rangi! Haikuja kukufanya ung'ae Jumapili. Na Mithali 28:13 inatuonyesha njia ya kuipata: anayeficha hafanikiwi, lakini anayeungama na kuacha anapata rehema.

Jumamosi kijana alikuja. Nikainua ubao, nikamwonyesha tundu. Nikamwonyesha alama nane za chaki. Akatazama, akanishukuru, akapanda pikipiki akaenda. Hapana, hakurudi na bei mara mbili. Pesa ilienda nayo nikiiangalia.

Jioni hiyo nikaenda kwa wadhamini wangu, mmoja baada ya mwingine, nikawaambia hali yote. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko Masinga. Mmoja aliniuliza, "Pasta, kwa nini ulitoa ushuhuda kabla hujakagua?" Sikuwa na la kusema isipokuwa nisamehe. Lakini wote wawili walibaki. Mmoja akanikopesha pesa za fundi.

Fundi alitoa zile ribiti nane akaweka mpya za aluminiamu, siyo za chuma, ili zisianze tena vita ya metali. Palipoliwa alikata mpaka kwenye bati nzima, akaweka kiraka cha aluminiamu ya mashua, ambayo huchanganywa na magnesi, siyo ya sufuria. Nilimwambia akate kidogo ili kiraka kisionekane. Akasema, "Nikibakisha sehemu iliyoliwa, kiraka kitashika nini?" Kisha akatia maji ndani tena, tukainama wote wawili, tukangoja. Hakuna tone.

Leo mashua inafanya kazi. Kiraka kinaonekana hata ukiwa mbali. Mkopo bado ninalipa, na samaki si wengi kama nilivyopiga hesabu. Huo ndio ushuhuda wote.

Kamba chini ya meli

Katika Matendo 27, meli aliyopanda Paulo ilikuwa na watu 276. Dhoruba ilipozidi, mabaharia walipitisha kamba chini ya meli wakaikaza isipasuke. Mwisho wake meli ilivunjika, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyepotea. Mungu hakuahidi chombo, aliahidi watu. Biashara inaweza kuvunjika na bado wewe ukafika nchi kavu, hata kama ni juu ya ubao.

Na kamba zangu mimi zilikuwa ni watu: mke aliyeuliza swali moja, mzee mwenye chaki, wadhamini wawili waliobaki. Lakini hawakuweza kunishika mpaka nilipowaonyesha tundu.

Wiki hii, mpendwa, fanya mambo mawili. Inua ubao mmoja mbele za Mungu, ule unaoujua. Kisha mtafute mtu mmoja mkomavu katika imani, umwonyeshe. Na kama kuna mtu karibu kuumia kwa sababu ya kile unachoficha, usingoje Jumapili. Nenda leo.

Tuombe: Baba, tumependa rangi kuliko ukweli. Tia maji yako ndani yetu, na pale panapotona utuwekee alama. Utupatanishe, ndani na nje, kabla ya mvua. Utupe ujasiri wa kuonyesha tundu, na utupe ndugu watakaobaki tukiwaonyesha. Katika jina la Yesu, Amina.